Maumivu baada ya upasuaji wa uzazi: Kwa nini dawa mbili hushinda moja

Katika wodi ya wazazi, kinamama wawili wanaweza kufanyiwa upasuaji siku moja, katika chumba kimoja, na daktari mmoja. Kesho yake asubuhi mmoja anashuka kitandani polepole na kwenda bafuni akishika ukuta. Mwingine hawezi hata kugeuka ubavu kumfikia mtoto wake. Ndugu wanaokuja na chupa za uji huiona tofauti hiyo na kuitafsiri haraka: yule ana moyo mgumu, huyu ni wa kudeka.

Mara nyingi tofauti haiko moyoni. Iko katika dawa walizopewa, na zaidi katika namna walivyopangiwa dawa hizo. Mmoja amepewa dawa za aina mbili au tatu zinazosaidiana, kwa saa maalumu. Mwingine amepewa sindano moja ya kutuliza, akaambiwa aseme akizidiwa, naye akaona haya kuita muuguzi.

Suala hili linagusa familia nyingi zaidi kuliko zamani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 duniani huzaliwa kwa upasuaji. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto waliozaliwa kwa njia hiyo walikuwa takriban asilimia 6. Ule wa mwaka 2022 ulikuta kiwango kimepita asilimia 10. Ni vigumu sasa kupata ukoo ambao hauna dada, wifi au binti aliyepitia kisu.

Maumivu hayatoki mahali pamoja

Ili kumfikia mtoto, daktari hupita kwenye ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, utando wa ndani unaofunika matumbo, na mwisho mji wa mimba wenyewe. Kila tabaka hushonwa au kuachwa lipone lenyewe. Haya ndiyo maumivu ya kidonda, na huwa makali zaidi mama anapokohoa, anapocheka, anapoinuka au anapogeuka.

Ya pili ni maumivu ya mji wa mimba unaporudi katika ukubwa wake. Watu wengi huyaita chango. Huja kwa kubana na kuachia, na huongezeka mtoto anaponyonya, kwa sababu kunyonya huamsha homoni ya oksitosini ambayo hukaza mji wa mimba. Kukaza huko kuna faida, maana ndiko kunakopunguza damu. Lakini mama aliyezaa mara tatu au nne huyahisi kwa ukali kuliko aliyezaa mara ya kwanza.

Ya tatu ni gesi. Baada ya upasuaji matumbo huchelewa kuanza kazi, hewa ikajaa, tumbo likavimba. Wakati mwingine mama huhisi maumivu hadi begani, akadhani moyo una tatizo, kumbe ni msuli wa pumzi uliosumbuliwa kwa ndani.

Tena ndani ya kidonda kwenyewe kuna mambo mawili yanayotokea kwa pamoja. Mishipa ya fahamu iliyokatwa hupeleka taarifa ya maumivu kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo kwenye ubongo. Wakati huohuo, mwili hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na kuifanya mishipa hiyo iwe na hisia kali zaidi. Ndiyo maana dawa moja, hata iwe kali kiasi gani, huziba njia moja na kuacha nyingine wazi.

Kila dawa na mlango wake

Wazo la kuchanganya dawa kwa makusudi baada ya upasuaji lilipata nguvu mwaka 1993, pale madaktari wa Denmark, Henrik Kehlet na Jørgen Dahl, walipoandika kuhusu faida ya kutumia dawa zinazofanya kazi kwa njia tofauti badala ya kutegemea moja. Hoja ilikuwa rahisi. Dawa zikisaidiana, kila moja hutumika kwa kiasi kidogo, na madhara yake nayo hupungua. Leo miongozo ya kimataifa ya kumtuliza maumivu mama aliyejifungua kwa upasuaji imejengwa juu ya msingi huo.

Dawa ya kwanza ni parasetamo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Panadol. Kwa kuwa hupatikana hadi kwenye duka la mtaani, watu huidharau na kuiona ni ya kuumwa kichwa tu. Lakini ikitumika kwa kipimo kamili na kwa saa zake, hupunguza maumivu ya upasuaji kwa kiasi cha maana, na hupunguza haja ya dawa kali zaidi.

Ya pili ni ya kundi la ibuprofeni na diklofenaki. Hizi hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kwa hiyo hupambana na uvimbe wa kidonda na pia na kubana kwa mji wa mimba. Zikiungana na parasetamo, hutuliza vizuri kuliko mojawapo ikiwa peke yake. Huu ndio mchanganyiko ambao wataalamu huuita uti wa mgongo wa matibabu: vidonge vya bei nafuu vinavyomezwa kwa maji.

Ya tatu ni mofini, na hapa mtaalamu wa usingizi na ganzi ana nafasi ya pekee. Wanawake wengi siku hizi hawapewi nusu kaputi, bali huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Ndani ya sindano hiyohiyo mtaalamu anaweza kuongeza mofini kidogo sana, kati ya mikrogramu 100 na 150. Kwa kuwa inawekwa karibu kabisa na uti wa mgongo, kiasi hicho hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24. Madhara yake ya kawaida ni kuwashwa mwili na kichefuchefu. Mara chache huweza kupunguza kasi ya kupumua, na ndiyo maana mama aliyepewa lazima aangaliwe kwa karibu wodini.

Si kila hospitali ina mofini inayofaa kuchomwa mgongoni, wala wauguzi wa kutosha kumwangalia mgonjwa usiku kucha. Ipo njia nyingine. Daktari anaweza kuchoma dawa ya ganzi kwenye kingo za kidonda kabla ya kumaliza kushona, au mtaalamu wa ganzi akaichoma katikati ya matabaka ya misuli ya tumbo, kila upande mara moja. Njia hizi hulegeza maumivu ya ngozi na misuli kwa saa za mwanzo ambazo ndizo ngumu zaidi. Haziyagusi maumivu ya mji wa mimba, kwa hiyo vidonge bado vinahitajika.

Kutuliza maumivu ya mzazi si jambo lililoletwa juzi. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Aliandika kwamba mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akawa nusu amelewa, na pombe hiyohiyo ikatumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama kabla ya kukata. Kwa maelezo yake, mama na mtoto waliendelea vizuri. Waganga wale walijua kwamba mzazi hapaswi kuachwa na maumivu yake.

Saa ya dawa, si saa ya kuzidiwa

Kosa linaloharibu mpango mzuri ni kusubiri. Mama humeza dawa, akipata nafuu huacha, kisha maumivu yakirudi kwa nguvu ndipo anatafuta kidonge. Dawa ya kumeza huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Katika muda huo mtoto analia, mama hawezi kuinuka, na maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha kuliko yale yaliyozuiwa yasipande.

Kwa siku za mwanzo, kati ya tatu na tano, dawa humezwa kwa saa hata kama mama anajisikia vizuri. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi kwa kawaida huandikiwa parasetamo gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6. Hesabu yake ni nyepesi: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Kikomo ni gramu 4 kwa siku nzima, yaani vidonge vinane. Kuzidisha hapo huumiza ini.

Ibuprofeni mara nyingi huandikwa miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Wengine huandikiwa diklofenaki badala yake. Mama hutumia moja kati ya hizo mbili, kamwe si zote kwa pamoja, maana ni ndugu wa tumbo moja na madhara yake hujumlishana.

Maandishi ya kwenye bahasha ya dawa, kama 2×4 au 1×3, huwachanganya wengi. Mara nne maana yake ni mara nne ndani ya saa 24, si mara nne kati ya asubuhi na jioni. Usiku nao una zamu yake, na kwa kuwa mtoto mchanga huamka kunyonya, dozi ya saa 6 usiku haihitaji kengele. Anayemuuguza mama anaweza kuandika saa kwenye karatasi na kuweka alama kila kidonge kinapomezwa, kwa sababu mama mwenye usingizi wa mang'amung'amu husahau.

Wapo pia wanaoamini kwamba sindano ndiyo dawa na kidonge ni cha kupoza tu. Mama akishaanza kula na kunywa bila kutapika, kidonge hufanya kazi ileile, bila maumivu ya nyongeza ya kuchomwa. Sindano ina umuhimu wake pale mama hawezi kumeza.

Dawa na maziwa ya mama

Hofu kubwa ya kinamama ni kwamba dawa itapita kwenye maziwa na kumdhuru mtoto. Wengi huficha vidonge chini ya mto kwa sababu hiyo, wakiamini wanamlinda. Ukweli ni kwamba parasetamo na ibuprofeni hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno, na zinahesabiwa kuwa salama kwa mama anayenyonyesha. Diklofenaki nayo hupita kidogo. Aspirini haishauriwi kutuliza maumivu katika kipindi hiki.

Tahadhari ipo kwa dawa kali zaidi. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli. Sababu ni kwamba miili ya baadhi ya watu huzigeuza dawa hizo haraka kuliko kawaida na kuzifanya kali zaidi, na hakuna anayejua kwa kumtazama mtu kama mwili wake ni wa aina hiyo. Ethiopia ni mojawapo ya nchi ambako watu wa namna hiyo wameonekana kuwa wengi. Pethidini nayo haifai kurudiwarudiwa, kwa kuwa mabaki yake hukaa muda mrefu katika mwili wa mtoto mchanga na kumfanya mzito wa kunyonya.

Hii haimaanishi kwamba mama aliyepewa dozi hospitalini aingiwe na hofu au aache kunyonyesha. Inamaanisha amwangalie mtoto. Mtoto aliyelegea, anayelala kupita kiasi, asiyeamka kunyonya au anayepumua kwa shida apelekwe kwa daktari mara moja. Na tramadoli ya kununua kimyakimya dukani, kwa sababu jirani alisema inafanya kazi, haina nafasi katika nyumba yenye mtoto mchanga.

Lipo pia jambo linalosahaulika: maumivu yenyewe huvuruga unyonyeshaji. Mama asiyeweza kukaa hawezi kumweka mtoto vizuri titini. Watafiti pia wamehusisha maumivu makali ya siku za mwanzo na sonona baada ya kujifungua, na maumivu ya kudumu yanayoendelea miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga. Kumtuliza mama ni sehemu ya kumlea mtoto.

Nani asimeze nini

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, mwenye tatizo la damu kutoganda, au mwenye pumu inayochochewa na aspirini, hapaswi kupewa ibuprofeni wala diklofenaki bila daktari kuamua. Aliyepata presha kali au kifafa cha mimba pia anahitaji kwanza vipimo vya figo na damu viangaliwe. Mwenye ugonjwa wa ini amweleze daktari kabla ya kumeza parasetamo kwa kipimo kamili.

Hatari nyingine imejificha kwenye majina. Dukani vipo vidonge vyenye diklofenaki na parasetamo ndani ya kidonge kimoja, na dawa nyingi za mafua zina parasetamo. Mama anaweza kumeza vidonge vyake vya hospitali, akaongeza cha mchanganyiko alichonunuliwa na shemeji, na akaongeza cha mafua, bila kujua kwamba amekwisha kuvuka gramu 4. Kinga yake ni kusoma maandishi madogo kwenye pakiti, au kumpelekea mfamasia dawa zote zilizopo nyumbani azione.

Nyumbani: kanga, mto na maji ya moto

Mama aliyejifungua kwa upasuaji hurudi nyumbani kwa bibi, mama mkwe na shangazi wenye ujuzi wa miaka mingi wa kumtunza mzazi. Mengi kati ya hayo ni mema: kupumzishwa, mtori, supu, na mtu wa kumbeba mtoto usiku. Lakini kukandwa tumbo kwa maji ya moto hakufai kwa mwenye kidonda. Joto kali huunguza ngozi ambayo bado ina ganzi, na kukandamiza huweza kufumua nyuzi. Vivyo hivyo, majivu, mafuta au dawa ya kienyeji havipakwi kwenye mshono.

Kufunga tumbo kwa kanga au mkanda kunaweza kumpa mama faraja anapotembea, mradi usibane hadi apumue kwa shida, na kidonda kibaki kikavu. Mto mdogo ukiwekwa tumboni na kushikwa kwa mikono miwili wakati wa kukohoa hupunguza mvuto wa nyuzi. Wakati wa kunyonyesha, mama anaweza kulala ubavu au kumweka mtoto chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma, ili asiegemee kidonda.

Kutembea mapema ni dawa ya bure. Siku ya kwanza hatua chache kutoka kitandani hadi dirishani zinatosha. Huamsha matumbo, hutoa gesi, na hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Wakati mzuri ni kama saa moja baada ya kumeza dawa, ikiwa imeshaanza kufanya kazi. Maji ya kutosha, mboga na matunda huzuia choo kigumu, ambacho kwa mwenye mshono ni adhabu.

Kuhusu sindano ya mgongoni, wengi huilaumu kwa kila maumivu ya mgongo yanayokuja miaka baadaye. Tafiti hazikuthibitisha hilo. Ujauzito wenyewe, kunyanyua mtoto na kuinama kunyonyesha huuchosha mgongo. Lipo hata hivyo tatizo moja la kweli: baadhi ya kinamama hupata kichwa kikali siku chache baada ya sindano, kinachozidi wakikaa na kupoa wakilala. Hicho si cha kuvumilia, kwa kuwa kina matibabu hospitalini.

Maumivu yanaposema jambo jingine

Kwa kawaida maumivu huwa makali saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha hupungua siku hadi siku. Baada ya wiki moja au mbili wengi hawahitaji tena dawa za kila siku. Ganzi kidogo juu ya mshono inaweza kudumu kwa miezi na si ya kutisha. Maumivu yanayogeuza mwelekeo na kupanda baada ya siku ya tatu ndiyo yanayohitaji kuchunguzwa.

Mama arudishwe hospitali bila kusubiri miadi akipata homa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda au ukeni, mshono kufunguka, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, mkojo kushindwa kutoka, au kichwa kikali pamoja na kuona ukungu. Familia ikumbuke pia kwamba parasetamo hushusha homa, hivyo joto la kawaida pekee si uthibitisho kwamba kidonda ni salama.

Kabla ya kutoka wodini yapo maswali manne yanayofaa kuulizwa na mama, mumewe au yeyote anayemchukua. Dawa hizi ni za aina gani, na zinafanya kazi tofauti? Kila moja inamezwa saa ngapi, usiku ukiwemo? Ni siku ngapi za kumeza kwa saa kabla ya kuanza kupunguza? Na zikishindwa kutuliza, arudi kwa nani? Majibu yakiandikwa kwenye bahasha ya dawa, mama mkwe naye atajua kwamba mkwewe anayeomba kidonge saa 6 usiku hadeki, bali anafuata saa aliyopangiwa.